Kutengeneza au Kununua Nyingine: Juu ya Mashine za Michezo za Vijana Wetu

Mwezi huu twataka kusema juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtaliona dogo mno kwa kurasa hizi. Ni habari ya mashine za michezo, zile ambazo vijana huziunganisha na televisheni wakacheza mpira kwa vidole. Wao huziita gemu, au PS kwa kifupi. Mashine ya namna hiyo ikianza kufa, je, yafaa kuitengeneza, au kuiacha na kununua nyingine? Tumeulizwa swali hili na mtu ambaye kwake si dogo hata kidogo, na kadiri tulivyolifikiri ndivyo tulivyoona kuwa limebeba maswali mengine ambayo kila nyumba ya Makandana hukutana nayo, iwe ina mashine ya michezo au haina.

Zamani halikuwa swali. Sisi tulioanza kazi ya ualimu katika miaka ya mwanzo ya 1980 twakumbuka hali ilivyokuwa baada ya vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979. Fedha za kigeni ziliadimika, na pamoja nazo zikaadimika sabuni, betri, tairi na kila kitu kilichotoka ng'ambo. Redio ikinyamaza hukukaa ukafikiri. Ulimpelekea fundi, na fundi asipokuwa na spea aliichomoa katika redio nyingine iliyokufa kabla yake. Viatu vilikatwa katika tairi kuukuu. Siku hizi wazee hupenda kuwasimulia watoto habari hizo kana kwamba tulikuwa watu wema kuliko wao. La hasha. Mtu mwenye njia moja tu hachagui, na asiyechagua hana cha kujisifia. Tulitengeneza kwa sababu hapakuwa na kingine.

Leo njia ni mbili. Ukipanda gari hapa Tukuyu asubuhi, kabla ya saa sita umekwisha fika Mwanjelwa, na pale kuna maduka yenye mashine zilizopangwa rafuni kama mikate, mpya na zilizotumika. Basi yatupasa kuchagua, na kuchagua huko kunatudai sababu.

Kisa chenyewe ni hiki. Kuna mama mmoja wa mtaani kwetu, mjane, auzaye ndizi sokoni. Mwanawe alimaliza kidato cha nne, nafasi ya kuendelea hakupata, akakaa nyumbani mwaka mzima. Mama alikopa shilingi 600,000 katika kikundi chao cha akina mama cha kuweka na kukopa, kijana akanunua mashine mbili zilizotumika za aina ya PlayStation 2 pamoja na televisheni mbili kuukuu, akafungua kibanda cha mbao. Watoto na vijana hulipa shilingi 300 kwa mechi moja. Kwa mwaka mmoja na nusu kibanda kimelipa deni kidogo kidogo, na bado shilingi 220,000. Sasa mashine moja imeanza kukataa. Unaweka diski, inazunguka, inakoroma, kisha yatokea maandishi kwamba diski haisomeki. Siku nyingine inakubali, siku nyingine inagoma hadi jioni, na wateja huondoka.

Mama alikuja kwetu jioni moja. "Shikamoo Mwalimu," alisema, "huyu mwanangu ataniaibisha mbele ya wenzangu. Nimwambie auze vyote?" Maana zile fedha si zake peke yake, ndani yake kuna hisa za mwenzake auzaye maparachichi, na za mwingine ambaye mumewe yu mgonjwa. Kikundi cha namna ile hakina benki nyuma yake. Mmoja asipolipa, mwingine hukosa ada ya mtoto mwezi Januari.

Kabla ya kuendelea, tuwajibu kwanza wale watakaosema kwamba kitu chenyewe hakina maana, kiachwe kife, na watoto warudi kwenye vitabu. Tumefundisha miaka mingi na tunaijua hoja hiyo. Kibanda kinachowapokea watoto saa za masomo ni kibaya, na kinachoruhusu kamari ni kibaya zaidi. Lakini huyu kijana hufungua baada ya saa tisa na nusu, hana kamari, na kwa miezi ambayo Rungwe hunyeshewa kama tunavyonyeshewa, uwanja ukiwa tope, watoto kumi wakiwa chini ya bati moja wakibishana juu ya bao hawajapotea. Tutosheke na hayo.

Sasa turudi kwenye ugonjwa wa mashine, kwa kuwa mtu hawezi kuamua haki juu ya kitu asichokielewa. Ndani ya mashine mna kijicho kidogo cha kioo, lenzi, na chini yake mna leza, yaani mwanga mwembamba mno. Mwanga hupita katika lenzi, hugonga uso wa diski inayozunguka, hurudi, na kwa jinsi unavyorudi mashine husoma. Vumbi na unyevu vikiifunika lenzi mwanga hupungua. Hapo kusafisha kwatosha. Lakini leza yenyewe nayo huzeeka. Ikizeeka, usafishe usisafishe, haitaona. Hapo dawa ya kweli ni kuiondoa na kuweka nyingine. Fundi wetu wa mjini, aliyeanza na redio na sasa anatengeneza hata simu, alitaka shilingi 45,000 kwa lenzi nyingine, usafi na kazi yake. Mashine kama ile, iliyotumika, iligharimu Mbeya shilingi 160,000.

Lakini ipo dawa ya tatu, na hiyo ndiyo iliyotufanya tuandike. Kwenye kile kipande kinachobeba lenzi mna kiskrubu kidogo sana kinachopimia leza umeme. Ukikizungusha kidogo, leza hupata umeme zaidi, huwaka kwa nguvu, na mashine inayokataa huanza kusoma tena papo hapo. Ni kama mzee aliyechoka kunyweshwa kahawa kali ili akimbie: atakimbia, lakini kesho atalala mapema kuliko jana. Leza iliyolazimishwa hivyo huisha upesi zaidi. Rafiki mmoja wa kijana alimshauri hivi: "Zungusha skrubu, elfu tano tu. Ikisoma, ipeleke Kyela siku ya soko umuuzie mtu asiyekujua. Ukiongeza kidogo unapata nyingine."

Hebu tulitazame shauri hilo kwa utulivu, kwa sababu si la mtu mwovu. Rafiki yule anampenda mwenzake. Tena anayo hoja: mashine zote mbili kijana alizinunua zikiwa zimetumika, na hakuna aliyemweleza zilikuwa na umri gani wala zilikwisha fanyiwa nini. Huenda yeye mwenyewe aliuziwa kahawa ya namna hiyo. Kwa nini mnyororo ukatike kwake?

Jibu letu ni kwamba hapa swali limekwisha badilika. Si swali la kutengeneza au kununua tena. Ni swali la nani abebe hasara. Mashine ina ugonjwa wenye thamani fulani, kama shilingi 45,000, na ugonjwa huo haupotei kwa kuzungusha skrubu. Unahamishwa tu kutoka mfuko wa mtu wa Makandana kwenda mfuko wa mtu wa Kyela. Na yule wa Kyela huenda naye ana mama aliyekopa. Amri ya nane haijaweka kilomita ambazo mtu akizivuka wizi huwa biashara. Tena katika wizi wa kawaida aliyeibiwa hujua kuwa ameibiwa, akapiga yowe, watu wakaja. Huyu atadhani ni bahati yake mbaya, au atawapiga watoto kwa kuichezea vibaya.

Hapo ndipo twaona tofauti ambayo bei haiioneshi. Kuna kutengeneza kunakoponya na kuna kutengeneza kunakoficha, na kwa macho vyote viwili vinafanana siku ya kwanza. Mashine kubwa zaidi zina mfano wake. Zile zilizotoka tangu mwaka 2005 hupata joto jingi, na joto huchosha viungo vidogo vilivyounganishwa kwa lehemu chini ya vipande vyake vya kompyuta. Mashine ya Xbox 360 ilisifika kwa ubaya huo hata kampuni ya Microsoft, Julai 2007, ikalazimika kurefusha dhamana yake kuwa miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni moja kwa ajili ya gharama hizo. Mafundi wengi wa mitaani, duniani kote, huichoma moto bodi ya mashine ya namna hiyo kwa hewa kali, nayo hufufuka. Baada ya majuma machache hufa tena. Fundi akisema wazi, "Mama, hii itaishi mwezi mmoja, ukitaka niifanye nitaifanya," hana lawama. Akinyamaza, kazi ni ileile na joto ni lilelile, lakini tendo si lilelile.

Basi tutazame na upande wa kununua. Watu husema "nunua mpya", lakini kwetu neno hilo mara nyingi si la kweli. PlayStation 2 ilianza kuuzwa Japani Machi 2000, zikauzwa zaidi ya milioni 150 duniani, na Sony wakaacha kuitengeneza Januari 2013. Mchezo wa mwisho uliotolewa kwa ajili yake, wa mpira, ulitoka mwishoni mwa mwaka huohuo. Mwaka 2018 Sony waliacha hata kuzipokea kwa matengenezo huko kwao Japani. Tangu hapo ni mashine iliyoachwa na baba yake, na inalelewa na mafundi wa vichochoroni wa Tukuyu, Kariakoo na kwingineko. Kwa hiyo kijana akienda Mwanjelwa "kununua nyingine" hanunui mpya. Ananunua ile ambayo mtu wa Uingereza au wa Dubai aliulizwa swali hilihili la kwetu, akajibu, "Niitupe." Jibu lake limepanda meli na kufika kwetu likiwa bidhaa. Kununua kwetu ni kutengeneza kulikokataliwa na wengine, na fundi wetu atakutana nayo tu, akipenda asipende. (Tuongeze onyo dogo kwa wanunuzi: mashine nyingi zilizotoka Japani zimeundwa kwa umeme wa volti 100. Zikichomekwa kwetu kwenye volti 230 bila kipunguza umeme huweza kuungua. Someni maandishi ya nyuma kabla ya kulipa.)

Na ile inayoachwa huenda wapi? Swali hili mjini huulizwa na wenye vyeo. Sisi yatupasa kuliuliza migombani. Katika nyumba nyingi mashine iliyokufa hukaa chini ya kitanda miaka mitatu, kisha siku ya usafi huchomwa pamoja na takataka, au hutupwa shimoni. Ndani yake mna risasi ya kulehemu, kwa kuwa nyingi ziliundwa kabla ya Julai 2006, Ulaya ilipoanza kukataza risasi katika vifaa vya umeme. Mwaka 2001 forodha ya Uholanzi ilizuia masanduku yapatayo milioni 1.3 ya mashine ndogo za Sony, kwa sababu nyaya zake zilikuwa na kadimiamu kupita kiasi kilichoruhusiwa na sheria yao. Kadimiamu ni sumu inayokaa katika figo. Wale walikuwa na forodha ya kuipima. Huku kwetu mvua ndiyo ipimayo, na mvua ya Rungwe haifanyi kazi nusunusu. Husukuma kila kitu mitoni, na mito yetu, Kiwira ukiwamo, hushuka Ziwa Nyasa. Nchi za Afrika zilikutana Bamako mwaka 1991 na kufanya mapatano ya kukataa taka za sumu kuletwa barani. Lakini mashine inayoingia ikiwa hai na kufa baada ya miezi sita haikuja kama taka. Ilikuja kama mali. Serikali yetu nayo ilitoa kanuni za taka za vifaa vya umeme mwaka 2021. Kanuni ni nzuri, ila haiwezi kuinama chini ya kitanda cha mtu.

Kwa hoja hizo mtu angedhani tutasema tengeneza, tengeneza daima. Hatusemi hivyo. Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta tumeifundisha darasani mara nyingi, na ni ya kweli; lakini fundi wa nyumba atakuambia pia kwamba kuna kuta ambazo ufa wake hauzibwi, kwa sababu msingi umeondoka. Tumeona watu wakipeleka kitu kilekile kwa fundi mara tatu kwa ugonjwa uleule, na kila mara wakijiambia kuwa kwa kuwa wamekwisha toa elfu thelathini, haifai kuacha sasa. Zile elfu thelathini zimekwisha kwenda. Haziulizwi tena. Linaloulizwa ni lile la mbele: kwa shilingi hizi nitakazotoa leo, nitapata siku ngapi za kazi? Tena kuna kutengeneza ambako ni ubahili uliovaa nguo ya busara. Waya uliochubuka ukafungwa kwa karatasi ya nailoni, mahali ambapo watoto wa watu wanakaa na miguu iliyolowa, si uwekevu hata kidogo. Hapo nunua waya.

Vilevile hatukubali kwamba mtu atengeneze kitu kwa kumhurumia fundi. Fundi si mwombaji. Hata hivyo kuna neno juu ya mafundi ambalo tungependa lifikiriwe. Huko Japani, nchi iliyounda mashine hii, kuna hekalu la Ise ambalo hujengwa upya kwa mti mpya kila baada ya miaka 20. Mara ya mwisho lilikamilika mwaka 2013, mwaka uleule mashine yetu ilipoachwa kutengenezwa. Nao husema ni hekalu lilelile la kale. Sisi tungecheka, lakini sote tunalo jembe la babu ambalo mpini wake umebadilishwa mara nne na bapa lake mara moja, nalo bado ni jembe la babu. Huko Ise faida moja ni kwamba seremala mzee hupata wakati wa kumwonesha kijana jinsi ya kuchonga, kabla hajafa. Mti huoza, ila mkono unaojua hurithiwa. Hapa Tukuyu fundi wetu ana vijana wawili wanaojifunza kwake, na hujifunzia katika vitu vilevile ambavyo sisi tunaamua visitupwe. Ikiwa mtaa mzima utaacha kutengeneza kwa miaka kumi, mwaka wa kumi na moja hapatakuwa na kuchagua tena. Tutakuwa na njia moja, kama mwaka 1982, ila upande wa pili.

Tena wenye viwanda hawatusaidii. Mwaka 2023 jimbo la California, huko Marekani, lilitunga sheria ya kuwalazimisha watengenezaji watoe spea, zana na maelezo ya ufundi kwa wateja na kwa mafundi wa nje. Ilianza kutumika Julai 2024. Ndani yake imo simu, imo kompyuta, zimo hata mashine za kufulia. Mashine za michezo ziliachwa nje kwa kutajwa. Jimbo la Minnesota, mwaka huohuo wa 2023, lilifanya vivyo hivyo. Hoja ya wenye viwanda ni kwamba anayejua kufungua mashine atajua pia kuvunja kufuli zake na kucheza diski za kunakili. Tusijifanye kwamba hoja hiyo ni uongo mtupu. Diski nyingi zinazochezwa katika vibanda vyetu ni za kunakili, nasi twajua. Lakini si haki kumnyima mgonjwa dawa kwa sababu jirani yake ni mwizi. Fundi anayebadilisha lenzi hajaiba mchezo wa mtu. Nao wanaouza mchezo kwa njia ya intaneti peke yake, kwa mashine isiyo hata na mahali pa kuwekea diski, kama mojawapo ya zile zilizotoka mwaka 2020, wamemnyima mnunuzi kitu kingine: hawezi kumwazima mwenzake, wala kuuza alichonunua akikwama.

Kijana mwenyewe alikuwa na sababu yake, nayo hakuitaja mpaka tulipomwuliza. Kuna kadi ndogo ya kuhifadhia kumbukumbu, ya megabaiti 8, isiyozidi vidole viwili kwa ukubwa. Ndani yake mna ligi ambayo watoto wa mtaa wameicheza kwa miaka, na majina waliyojipa, na timu walizounda. Kuna jina la mtoto mmoja aliyefariki mwaka jana, na wenzake hawajalifuta. Kijana aliogopa kwamba mashine nyingine itamaanisha ligi nyingine. Tulimweleza kuwa kadi ile itafanya kazi katika mashine yoyote ya aina ile, basi kwa hilo asiwe na hofu, akibadilisha kwa ya namna moja hatapoteza kitu. Akihamia aina mpya zaidi, hapo ndipo ataiacha. Twalisema hili kwa sababu mara nyingi watu hushikilia kitu kizima kwa ajili ya sehemu yake moja, na sehemu hiyo ingeweza kuchukuliwa mkononi na kuondoka nayo. Na mara nyingine, kinyume chake, hutupa kizima wakiisahau sehemu.

Basi tulikaa watatu, mama, kijana na sisi, tukahesabu kwa penseli. Mashine ikiwa nzima huingiza, kwa siku ya kawaida, kama shilingi 4,000 baada ya umeme. Elfu 45 za lenzi zitarudi kwa siku kumi na mbili hivi. Elfu 160 zitarudi kwa siku arobaini, tena kwa mashine ambayo hatuijui leza yake ina umri gani. Huenda baada ya siku ishirini tukahitaji lenzi vilevile. Kwa hesabu hiyo kutengeneza kulishinda. Lakini tuliomba jambo moja kwa fundi kabla ya kutoa hata senti: aifungue mbele ya kijana, amwoneshe kama tatizo ni lenzi tu au na bodi pia. Ikiwa na bodi imeharibika, tulikubaliana, isitengenezwe; iuzwe kwa fundi kama spea, kwa bei ya spea, na jina la spea. Mama alisisitiza hapo. Alisema yeye huuza ndizi, na ndizi iliyooza upande mmoja huiuza ikiwa imegeuzwa upande ule juu, mnunuzi aione. Tuliona hatuna cha kuongeza.

Kuhusu Kyela, kijana alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Lakini Mwalimu, aliyeniuzia mimi hakuniambia." Tulimwambia ni kweli, na kwamba anayo haki ya kumrudia aliyemwuzia akamwambie, akipenda. Wala hatukumwambia kwamba uaminifu utamlipa, maana hatuuzi bima. Huenda usimlipe. Mwenzake mwenye kibanda cha pili huenda akazungusha skrubu, akauza, akapata mashine bora mapema. Anachopata kijana wetu ni kwamba siku moja mtu akimwuliza juu ya mashine aliyouza, ataweza kujibu bila kwanza kufikiri alisema nini.

Kikundi cha akina mama nacho kililetewa habari, maana ni fedha zao. Mwekahazina hakupenda, alitaka malipo yasisimame hata juma moja. Ilikubaliwa mwezi huu alipe nusu, mwezi ujao amalize iliyobaki, na mama ameweka rehani magunia yake mawili ya mkaa. Mashine ilifunguliwa Jumatatu. Bodi ni nzima. Leza ndiyo imekwisha, na chini yake fundi alikuta mende wanne wakavu na kifuniko cha kalamu. Lenzi nyingine imeagizwa kwa basi kutoka Mbeya, na kijana amepewa bisibisi ili kazi ya kuiweka aifanye mwenyewe, fundi akisimama pembeni.